Kanuni ya Tisa na Mlima wa Ntobeye

Niliondoka nyumbani Nyabusozi kwa ajili ya kadi. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilivutwa na mapenzi ya michezo au ujirani mwema wa mataifa. Kadi yenyewe ni ya plastiki, ukubwa wake kama kitambulisho cha mpiga kura, na juu yake pameandikwa MWAMUZI WA KIMATAIFA. Katibu wa chama alinitumia picha yake kwenye simu, mahali pa jina pakiwa patupu. Tangu siku ile, kila nikifumba macho naliona jina langu limekaa pale, katikati, bila kupinda.

Kadi hiyo hutolewa na chama chetu cha taifa cha mbio za baiskeli za mizigo. Kwa asiyeujua mchezo huu: katika vilima vya Ngara ndizi husafiri kwa baiskeli. Mtu hufunga mikungu nyuma na ubavuni mpaka baiskeli inafanana na kichaka chenye magurudumu, kisha hushika usukani na kutembea nayo hadi sokoni, akiipanda pale tu barabara inapokubali. Bwana mmoja wa mjini alipita siku moja akiwa ndani ya gari, akaona, akasema huu ni mchezo, akaanzisha chama. Wenye baiskeli walipata habari baadaye kwamba wao ni wanamichezo.

Chama hicho si cha kiserikali. Viongozi wake hulirudia neno hilo kila wanapoulizwa habari za uchaguzi, na hulisahau kila wanapofika mahali wasipokewe na mkuu wa wilaya. Kina mwenyekiti, katibu na mhuri. Ng'ambo, Burundi, kuna chama kama hicho, nacho kina rais, katibu na mhuri. Kwa miaka kadhaa vyama hivi viwili vilikuwa vinashirikiana kwa kutumiana salamu za sikukuu na kupongezana kwa kuchaguliwa tena bila kupingwa. Mwaka huu wakaamua kushirikiana ana kwa ana: washindani watano kila upande, njia ya vilima, kikomo kijiji cha Ntobeye upande wetu, na kombe liitwalo Kombe la Ushirikiano.

Mimi ndiye niliyewaandikia kanuni. Kazi yangu ni kuendesha mashine ya kusaga. Shule niliachia kidato cha pili, na uamuzi nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, nikisoma sheria za mbio za nchi ambazo sitafika, huku unga ukinijaa kwenye kope. Nakiri kwamba mimi ni mtu wa hofu. Nikiandika sentensi naisoma mpaka inaacha kuwa sentensi. Kanuni nilizoziandika zilikuwa thelathini, na niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya tisa: "Mshindani haruhusiwi kupokea msaada wowote kutoka kwa mtu yeyote. Ambaye baiskeli yake itaguswa na mkono usio wake, ametoka." Ilikuwa fupi, kali, na haina upenyo. Niliwahi kumsomea mteja aliyekuja kusaga mahindi. Akasema ni nzuri, ila debe lake lijazwe.

Katibu, Bi Stela, alinipigia simu akaniahidi: "Kulwa, tupe matokeo safi, yenye saini yako, siku hiyohiyo. Kadi ninayo mkobani, ni kujaza jina tu."

Alfajiri ya kuondoka, mama alinikuta napiga shati pasi kwa mara ya tatu.

"Ng'wanawane, mwanangu, shati limekosa nini?"

"Kola, mama. Imepinda."

"Kola itaungua. Watu watakwenda kuangalia baiskeli, hawataangalia kola."

"Wataniangalia mimi. Mimi ndiye mwamuzi."

"Basi amua uondoke. Bodaboda iko nje inaunguza mafuta."

Nilifunga mkoba, nikaufungua kuhakikisha filimbi zote mbili zipo, nikaufunga, nikaenda.

Nyakanazi niliwasubiri viongozi pembeni ya malori yaliyolala njia nzima kama mifugo iliyoshiba. Niliogopa kuketi nisichafue suruali, kwa hiyo nilisimama, na kila muuza mahindi alinidhania ni utingo anayetafuta gari. Jua lilipokuwa limepanda sana, likafika gari la kukodi. Ndani yake walikuwamo Mwenyekiti, Bi Stela, kijana mwenye miwani myeusi aliyeitwa Brayani, na dereva, mzee mtaratibu aliyeitwa Mzee Rashidi. Brayani alikuwa mpwa wa Mwenyekiti na nyota wa timu ya taifa. Nyota huyo alikuwa hajawahi kubeba ndizi kwa baiskeli, lakini alikuwa na glavu.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema.

Mwenyekiti aliitafakari shikamoo yangu kama mtu anayepokea maombi ya kazi. "Marahaba. Ndiye huyu wa kanuni?"

"Ndiye," akasema Bi Stela.

"Mdogo."

Tulipoiacha Nyakanazi, simu ya Mwenyekiti ikalia. Alisoma ujumbe, akausoma tena, uso ukamwiva.

"Stela, huyu mwenzangu wa Burundi anajiita Rais wa Chama. Kwa nini yeye awe Rais na mimi niwe Mwenyekiti?"

"Katiba yetu inasema Mwenyekiti, mheshimiwa."

"Katiba yetu nani ameisoma?"

Mwenyekiti akageuza shingo nyuma. "Wewe mtaalamu. Mwenyekiti anaweza kuwa Rais?"

"Mkutano mkuu ukipitisha, mheshimiwa."

"Humu tuko wangapi?"

"Watano, pamoja na dereva."

"Huo ni mkutano. Wanaoafiki?"

Brayani akanyoosha mkono wenye glavu. Bi Stela akanyoosha kidole. Mzee Rashidi akaachia usukani mkono mmoja. Nakiri kwamba nami niliunyoosha, tena juu, kwa sababu niliiona ile kadi. Basi kutoka Lusahunga kwenda mbele tulisafiri na Rais, na Rais alianza mara moja kuulizia kama kuna pikipiki ya kumtangulia.

Ngara mjini tuliwakuta wageni wamekwisha kufika kupitia mpaka wa Kabanga. Rais wao alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, mwenye tai ndefu kupita kiasi, na Kiswahili chake cha Bujumbura kilikuwa kinaeleweka bila taabu. Lakini Rais wetu alikuwa amesikia kwamba mkutano wa kimataifa lazima uwe na mkalimani, na mkalimani alikuwa amekwisha kuletwa, kijana wa duka la vifaa vya simu aliyefunga duka kwa heshima hiyo.

"Ndugu zangu, tunafurahi sana mumetupokeya," akasema Rais wao.

"Anasema, ndugu zangu, wanafurahi sana kwamba tumewapokea," akasema mkalimani.

Rais wetu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa gizani na sasa ameona. "Mwambie karibuni sana."

"Anasema karibuni sana."

"Tumekaribiya," akasema mgeni, akimtazama mkalimani kwa huruma.

Alasiri nzima ilikwenda hivyo. Walijadili bendera ipi ikae kulia, na kulia kwa nani, kwa anayekaa mezani au kwa anayepiga picha. Walijadili nani ahutubu kwanza. Walijadili urefu wa viti vya marais wawili, vikapimwa, kimoja kikaonekana kimezidi, kikatolewa nje. Tamko la pamoja lilikuwa limekwisha kuchapwa kabla ya safari, likisifu "mbio zilizofana sana", na limeachiwa nafasi ya jina la mshindi. Nilipopata nafasi nilisimama nikaanza kuwasomea kanuni zangu. Nilipofika ya tisa sauti ilinitetemeka kwa upendo. Nilipoinua macho, Rais wao alikuwa anasinzia na Rais wetu anachagua soda.

"Zimepita zote," akasema Rais wetu.

"Anasema zimepita," akasema mkalimani.

Wapanda baiskeli hawakuwamo ukumbini. Walikuwa nje chini ya ukuta, kumi wote pamoja, wanaazimana pampu. Isipokuwa Brayani, wote walikuwa watu wa mizigo. Wawili niliwatazama zaidi kwa sababu walikuwa na miguu ya kutisha: Nestori, wa kwetu, mzaliwa wa Ntobeye, na Ejidi, Mrundi mfupi mwenye mabega ya mlango. Niliwakusanya nikawasomea kanuni zote. Walinisikiliza kwa adabu kama watu wanaosikiliza matangazo ya kanisa.

Nestori akauliza, "Mwamuzi, hiyo ya tisa. Na mlimani?"

"Na mlimani."

Wakatazamana, wakacheka. Ejidi akanipiga begani kwa upole, akasema, "Wewe ni mutu wa kuchekesha." Nilidhani wamenielewa. Ningejua maana ya kicheko kile ningelala chini pale pale na kuomba nirudishwe nyumbani.

Asubuhi ya mbio ardhi ilikuwa imelowa mvua. Nilipima mzigo wa kila baiskeli kwa mizani ya kuning'iniza, nikaongeza ndizi hapa, nikapunguza pale, mpaka mikungu yote ikalingana. Ejidi aliniuliza kama ndizi zake ninazipima ili niziozeshe mume. Marais wawili walitangulia Ntobeye kwa gari, wakiwa na kombe, bendera, na makatoni yote ya maji yaliyonunuliwa kwa ajili ya washindani. Nikapanda bodaboda nyuma ya dereva, filimbi mdomoni, nikaanzisha mbio.

Kwa sehemu kubwa ya njia nilikuwa mtu mwenye furaha. Walipoteremka vilima walipita kama maporomoko, mikungu ikipiga kelele kwenye vyuma vya baiskeli, na kwenye tambarare waligombea kila unyayo wa barabara. Nestori na Ejidi walikuwa mbele, mmoja akimzibia mwenzake njia na kumtukania ukoo, mmoja kwa Kihangaza na mwingine kwa Kirundi, na wote wawili wanaelewana. Miongoni mwa watatu wa nyuma alikuwamo Brayani, naye alikuwa amekwisha kuvua miwani. Nilianza kuyatunga matokeo kichwani. Niliiona kadi.

Kisha tukafika chini ya mlima wa Ntobeye.

Mlima ule haupandwi, unaombwa. Barabara yake ni udongo mwekundu unaopinda mara mbili, na siku ile ulikuwa unateleza kama sabuni. Nestori alikuwa ameongoza kwa mbali. Alisukuma baiskeli yake mpaka kwenye kona ya kwanza, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akaiegemeza kwa fimbo. Nilidhani anapumzika. Akageuka, akateremka, akamfuata Ejidi, akaweka mikono miwili nyuma ya mikungu ya mpinzani wake, akaanza kusukuma.

"Nestori!" nikapiga kelele. "Kanuni ya tisa!"

"Ndiyo, mwamuzi!" akajibu, bila kuachia.

Alipomfikisha Ejidi kwenye kona na kumwekea jiwe nyuma ya gurudumu, wakashuka wawili kumfuata wa tatu. Wakawa watatu, wakashuka kumfuata wa nne. Mabwana hawa, ambao dakika chache nyuma walikuwa wanatoleana macho, sasa walikuwa wanapandisha mizigo ya kila mmoja kana kwamba ni ya nyumba moja. Katika vilima vile, mtu hampiti mwenye mzigo mlimani akaenda zake. Ukimpita, habari zako zitafika nyumbani kabla yako. Hili watu wote wa huko wanalijua, na halikuwamo katika sheria nilizosoma kwenye simu, kwa kuwa nchi zile zina lami.

Nikapiga filimbi. Wakasukuma. Nikapiga tena kwa nguvu zaidi. Wakasukuma tena kwa nguvu zaidi. Baada ya mara kadhaa nikagundua kwamba hawanikaidi. Walikuwa wanaifuata filimbi yangu kama mdundo, na mmoja wa Warundi alikuwa ameanza kuiwekea wimbo.

"Mwamuzi, usinyamaze!" akaniambia. "Ikinyamaza inakuwa nzito!"

Nilishuka kwenye bodaboda ili niwaeleze kwa mdomo. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Wakati huo huo jiwe la nyuma ya gurudumu la Ejidi likaponyoka, na baiskeli yake ikaanza kurudi nyuma, ikija moja kwa moja kwangu. Ningeweza kukwepa. Nafasi ya kukwepa ilikuwapo, nimeifikiria sana tangu siku ile. Badala yake nikajikuta nimekumbatia mkungu, viatu vimezama, shati jeupe limegeuka rangi ya tofali.

"Usiachie!" akapiga kelele Ejidi.

"Siachii!"

"Sasa sukuma! Polepole, buhoro, buhoro!"

Nikasukuma. Mwandishi wa kanuni ya tisa, nyuma ya mkungu wa Mrundi, nikihema kama ng'ombe. Na nikiwa nakiri, nikiri lote: mzigo ule ulipokubali kupanda, nilisikia raha ambayo sijawahi kuipata kwenye sentensi yoyote.

Nyuma yangu nilisikia ugomvi. Wanawake waliokuwa wanatoka shambani walikuwa wamemkuta Brayani amekwama kwenye matope, na wakaishika baiskeli yake bila kuuliza. Mbele yao alikuwa mama mmoja mwenye jembe begani, ambaye baadaye nilimjua kuwa ni mama yake Nestori.

"Niacheni! Msinishike!" Brayani alikuwa analia. "Nitatolewa!"

"Utatolewa na nani, mwanangu?"

"Na mwamuzi!"

"Mwamuzi yuko pale juu anamsukuma Mrundi. Kaza miguu."

Kileleni walipumzika mpaka wa mwisho akafika, wakafuta usukani, wakapanga baiskeli mstari mmoja. Kisha, bila filimbi yangu, wakaondoka kwa uadui wote waliokuwa wameuacha chini ya mlima. Kutoka pale mpaka uwanjani kwenye kikomo ni tambarare, na mbio zile za mwisho zilikuwa mbio kwelikweli. Ejidi alimpita Nestori mbele ya hema la wageni kwa urefu wa mkungu mmoja. Watu wa Ntobeye walishangilia kama vile hawakujua kwamba wameshindwa. Ejidi akaomba maji. Maji yalikuwa yamekwisha hemani.

Rais wetu aliniita kando kabla sijapangusa uso.

"Mrundi ameshinda?"

"Ameshinda, mheshimiwa. Ila..."

"Ila nini?"

Nikamweleza habari za mlima. Uso wake ukachangamka. "Lakini si tuna kanuni? Ile uliyoisoma. Nzuri sana ile. Amesukumwa, ametoka!"

"Na Nestori pia alisukumwa, mheshimiwa."

"Basi Brayani."

"Brayani alisukumwa na akina mama."

"Akina mama si washindani!"

"Kanuni inasema mtu yeyote."

Rais wao, aliyekuwa amesogea, akasema bila kusubiri mkalimani kwamba kama Ejidi anatoka, basi wote kumi wanatoka, na kama wote wanatoka, yeye atawaambia nini watu wa kwao. Rais wetu akasema na yeye ana watu. Halafu ikatokea kitu ambacho nilikuwa sijakiona kwa siku zote mbili: wakaelewana. Walikaa kwenye viti vyao vilivyolingana, wakaongea kwa sauti ya chini, wakacheka, wakapeana mikono. Bi Stela akaletewa tamko, na kwenye ile nafasi ya jina la mshindi akaandika walichomtajia: "Ushirikiano."

Kombe, wakakubaliana, litakaa miezi sita kwa rais huyu na miezi sita kwa rais yule.

Ejidi alikuwa amesimama kwenye kamba ya hema, bado anahema, akitazama kombe linavyopelekwa garini. Alirudi kwenye baiskeli yake kuhesabu ndizi zilizochubuka.

Bi Stela aliniwekea karatasi ya matokeo mbele. Ilisema mbio zilifuata kanuni zote na zimemalizika kwa sare ya vyama viwili. Chini palikuwa na mstari wa saini ya mwamuzi. Pembeni ya karatasi aliweka kadi.

"Bi Stela," nikasema, "kwa kanuni wote wametoka, na mwamuzi naye ametoka. Kwa miguu, Ejidi ndiye wa kwanza. Naomba niandike hivyo."

"Uandike lipi kati ya hayo?"

"Yote mawili. Yote ni kweli."

Alivua miwani. "Mdogo wangu, kadi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka sana."

"Basi weka saini tule, watu wana njaa."

Nilishika kalamu. Nakiri tena, sikukataa kwa ushujaa. Nilikataa kwa sababu karatasi ile ilikuwa na uongo katikati, na mimi ni mtu ambaye hata kola ikipinda siwezi kutoka nyumbani. Nilijua nitaiona sentensi ile kila usiku maisha yangu yote. Nikaiweka kalamu chini.

Rais wetu hakukasirika. Aliangaza macho uwanjani kama mtu anayetafuta kiti. "Mzee Rashidi! Wewe jina lako unajua kuliandika?"

"Najua, mheshimiwa."

"Njoo hapa."

Waliondoka mapema, mikungu mitatu ikiwa imefungwa juu ya gari kama zawadi ambayo sikuona nani aliitoa. Mimi hawakuniaga. Mama yake Nestori alinikuta nimekaa peke yangu uwanjani, akanipeleka kwake, na huko nikawakuta Warundi wote watano wamekaa kwenye mikeka wanakula ndizi na maharage. Yeye mwenyewe wazazi wake walitoka ng'ambo, na mgeni mmoja alikuwa amekwisha kugundua kwamba ni binamu yake.

"Kula, baba, mbona umenyong'onyea?" akaniambia. "Umepoteza nini?"

"Kadi, mama."

"Ya bima?"

"Ya uamuzi."

"Hiyo inatibu?"

"Haitibu."

"Basi kula." Alinimiminia mchuzi. "Sisi tuliupanda mlima huu tukikimbia machafuko ya ng'ambo, mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Waliotusukuma hatukuwajua hata kwa jina. Wangesubiri kanuni yako tungekuwa bado kule chini."

Nikamwambia kanuni ilikuwa nzuri kwa maandishi. Nestori akasema hata jembe ni zuri likiwa dukani. Wakacheka wote, na Ejidi, ambaye ndiye aliyeibiwa kombe, alicheka kuliko wote, kisha akaniuliza kama ile filimbi ninaiuza, maana kwao kuna mlima mbaya zaidi.

Kesho yake nilirudi kwa basi. Shati lilikuwa limefuliwa lakini udongo wa Ntobeye haukutoka, na kwa mara ya kwanza nilisafiri nikiwa mchafu bila kujificha. Niliposhuka Nyakanazi kubadilisha gari, niliona lile gari la kukodi limeegeshwa mbele ya nyumba ya kulala wageni. Viongozi walikuwa ndani wanakula kuku na kuandaa mbio za marudiano, ambazo, nilisikia, zitafanyikia hotelini kwa njia ya semina. Mzee Rashidi alikuwa peke yake kwenye benchi la muuza chipsi. Aliponiona alisimama kama mtu aliyefumaniwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kaa hapa." Akatia mkono mfukoni, akatoa kadi. "Wamenipa hii. Mimi nilisaini nikidhani ni ya mafuta."

Niliipokea. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino, limepanda upande mmoja, na plastiki ilikuwa na kiputo cha hewa pembeni. Niliitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Wivu ulinipanda mpaka masikioni, sitaki kudanganya. Kisha nikamrudishia.

"Sasa wanasema baada ya semina niende kuhukumu mbio nyingine ng'ambo," akasema. "Mimi baiskeli sijapanda tangu nioe. Nisaidie, mwanangu. Niepushe na aibu."

Kama safari hii ilinifunza kitu, ilinifunza kabla sijafika nyumbani. Nilikwenda nikiamini kwamba mambo huharibika kwa sababu watu hawana kanuni nzuri. Nimewaona watu wenye kanuni nzuri, bendera mbili na viti vilivyopimwa, wakishindwa kumpa mtu aliyeshinda kikombe chake na glasi ya maji. Nimewaona wengine, hawana hata pampu ya kutosha, wakivuka mpaka na kujua pa kuweka mikono. Bado napenda kanuni, na jioni hii nimezisahihisha tena. Lakini simfichi mtu ni wapi zinakwama.

Nikaagiza chai, nikamfundisha Mzee Rashidi. Nilimweleza jinsi ya kupima mzigo, jinsi ya kuanzisha, jinsi ya kumwonya anayemzibia mwenzake njia. Alirudia kila kitu kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, na hakukosea sana. Basi langu likapiga honi. Nilikuwa nimekwisha kusimama aliponishika mkono.

"Na wakianza kusukumana mlimani, nifanye nini?"

Wiki moja nyuma ningelijibu swali hilo kabla hajalimaliza.

"Shuka kwenye pikipiki, mzee," nikamwambia. "Sukuma. Halafu wakikuuliza nani alisukuma, usiseme hukuwapo."